Tumbo Lisilopasuliwa

Kabla Kolwezi haijawa mji wa malori, Kapata ilikuwa kambi ya wafanyakazi, na kambi ile ilikuwa na adabu yake. King'ora cha Kampuni ya migodi kilipolia, wanaume walikwenda zamu na wanawake wakafagia mbele ya milango. Mtoto aliyeamka anatapika alikuwa amelazwa kwenye shuka nyeupe ya zahanati kabla ya jua kufika utosini. Leo king'ora hakilii. Vijana wametoka pembe zote za Kongo kuja kuchimba hata chini ya sakafu za nyumba za watu, wanakupita bila salamu, na vumbi la kobalti limetanda juu ya majani ya mihogo kama majivu ya matangani. Kambini humo bado anaishi Mianda, mjane wa Nkongolo, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana. Wengi wa Kapata hawamjui kwa jina hilo. Wanamwita Mama Puari.

Puari ni mpira mdogo, mnene chini na mwembamba juu, wenye mdomo mgumu. Hujazwa maji ya dawa, kisha humiminwa ndani ya mtoto kwa njia ya haja ili tumbo lifunguke. Hakuna nyumba isiyokuwa nao, umetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Mtoto ana homa, puari. Halali, puari. Analia bila sababu, puari tena. Lakini kuwa na mpira si kuwa na mkono, na mkono alikuwa nao Mianda. Alirithi kwa mama yake, aliyekuja kwa treni kutoka Kasai akimfuata mume aliyeandikwa kazi ya mgodini. Alijua majani gani yachemshwe na pilipili itiwe kiasi gani, na maji aliyapima kwa ndani ya kifundo cha mkono.

Kabla ya yote hayo alitanguliza kiganja. Alikilaza juu ya tumbo la mtoto, akafumba macho, akakaa kimya kama mtu anayesikiliza maongezi ya chumba cha pili. Tumbo, alisema, linatembea. Kuna wimbi linaloanza chini ya mbavu na kushuka, na palipo na neno, wimbi husimama. Akishaliona lilipokwama ndipo alipoinua puari. Wanawake waliolea watoto watano kwa mkono wake wangeapa kwamba hakukosea hata mara moja, na yeye mwenyewe, ingawa hakuwahi kulisema, aliamini hivyo hivyo.

Kisha binti yake wa mwisho, Chancelle, akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Gaël.

Mtoto hakutoa choo cheusi, kile cha kwanza ambacho kila mchanga huja nacho duniani. Siku ikapita, na ya pili ikaelekea kupita, na tumbo likaanza kukaza. Mianda alitabasamu tu. Akachemsha majani yake, akajaza mpira, akaminya, na choo kikatoka kwa kishindo na upepo mwingi mpaka majirani uani wakapiga vigelegele. Tangu hapo, kila baada ya siku chache tumbo la Gaël lilifunga na bibi yake akalifungua. Watu walimsifu: bila Mama Puari mtoto huyu angekuwa kaburini. Na kweli, angekuwa kaburini. Lakini mchanga anayekosa choo cheusi mpaka kesho yake anakuwa tayari anasema jambo, na mkono ule ule uliomsaidia Gaël ndio uliokuwa ukimziba mdomo. Hilo Mianda hakulijua, wala hapakuwa na aliyebaki Kapata wa kumwambia. Zamani masista wa zahanati ya kambi wangemuuliza mzazi habari ya choo kabla hata ya kumuuliza jina la mtoto. Masista waliondoka, na zahanati imegeuzwa duka la vocha za simu.

Alipofika mwezi wa tano Gaël alikuwa tumbo lenye mtoto, si mtoto mwenye tumbo. Mikono imekonda kama mabua, mishipa ya bluu imejichora juu ya ngozi iliyovutika kama ngozi ya ngoma. Siku moja puari iliingia na haikurudisha kitu. Halafu akatapika kijani. Chancelle hakuomba ruhusa ya mtu. Alimfunga mgongoni akapanda pikipiki mpaka hospitali, na Mianda akamfuata kwa pikipiki ya pili, amekasirika, kwa sababu hofu yake ilizoea kutoka kwa sura hiyo.

Daktari waliyemkuta alikuwa mwanamke, Yolande Kabeya, mtoto wa mji huu huu, wa familia ya Waluba wa Kasai kama wao. Alikuwa amesomea Lubumbashi na ng'ambo ya pili, kisha akarudi na ujuzi wa kuwapasua watoto wachanga. Mianda alimtazama toka viatu mpaka nywele. Kijana mno. Kavaa suruali. Daktari wa zamani, wakati wa Kampuni, alikuwa na mvi na tumbo, na alipokohoa ukumbini hata wauguzi wa kiume walinyooka.

Daktari Yolande alimpiga mtoto picha, akakata chembe ndogo ya nyama kwa ndani akaituma kupimwa, kisha akawakalisha wote: Mianda, Chancelle, na baba wa mtoto, Dimitri, mchimbaji wa mikono aliyetoka upande wa Bandundu. Akawaeleza kwamba kila utumbo una mishipa midogo ya fahamu inayouamrisha ufunguke na usukume. Gaël alizaliwa bila mishipa hiyo katika kipande cha mwisho.

"Ile kipande ni kama bariere ya barabara yenye mulinzi wake alikufa," alisema. "Malori inafika, inasimama, inapangana mpaka Dilolo. Hakuna wa kufungua."

Mianda akauliza ni nani aliyemuua mlinzi. Daktari akasema hakuna, alizaliwa hivyo, si uchawi wala dawa wala kosa la mtu. Dawa yake ni kukiondoa kipande kilichokufa na kuunga kilicho hai mpaka kwenye njia ya haja. Na njia za kufanya hivyo zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni ya zamani. Tumbo linapasuliwa, utumbo unatolewa nje kwa upande, na mtoto anajisaidia ndani ya mfuko uliobandikwa tumboni kwa miezi mingi. Kisha anapasuliwa tena kuunganishwa, na huenda mara ya tatu kumfunga. Ya pili ni mpya. Matundu matatu madogo tumboni, moja la kupitisha kamera yenye taa, mawili ya kupitisha vyombo vyembamba kama sindano za kufumia. Utumbo unalegezwa kwa ndani, halafu kipande kibaya kinavutwa na kutolewa kwa chini, kupitia njia ya mtoto mwenyewe. Mara moja, na imekwisha.

Chancelle alianza kulia kwa furaha. Mama yake akamnyamazisha kwa jicho.

Sababu alikuwa nayo. Mwanawe wa kwanza, Stany, alipokuwa mchanga utumbo wake ulijipinda wenyewe kama nguo inayokamuliwa, akatapika kijani hivi hivi. Daktari yule mwenye mvi alimpasua tangu chini ya kifua mpaka chini ya kitovu, akaukunjua utumbo wote juu ya kitambaa, akauangalia kipande kwa kipande, akaurudisha. Mianda hakulipa hata ndizi, na jioni ile akaletewa maziwa ya Kampuni. Leo Stany ni mtu mzima, yuko Kisenge kwenye migodi ya manganizi, na akilewa hufungua shati kuonyesha lile kovu nene lililokua pamoja naye, akasema hapa ndipo nilipozaliwa mara ya pili. Mianda aliamini makovu. Kwake kovu refu lilikuwa ushahidi wa kazi.

"Dokta, mwanangu," alisema, "tumbo yenye haikufunguliwa, haikuonekana. Utaangalia mujukulu yangu ku kitundu ya ufunguo kama mwizi? Fungua mulango. Ingia na miguu mbili."

Daktari Yolande hakubisha. Alimgeukia baba wa mtoto, kwa maana sahihi ilikuwa yake. Lakini Dimitri alikuwa ameketi karibu na mlango, uso ukutani. Mkwe wa Kiluba hamtazami mama wa mkewe wala hazungumzi naye ana kwa ana, na ingawa Dimitri hakuwa Mluba, alikuwa ameoa kwa Waluba na kushika adabu yao. Ni kitu pekee cha zamani ambacho Mianda alikiri kwamba kijana huyo alikishika vizuri.

"Chancelle, uambie mama," alisema Dimitri kwa ukuta. "Mi kila siku naingia mu shimo na taa ku kichwa. Atupasulaki mulima muzima. Tunatoboa kidogo, tunafuata mushipa, tunatosha inje yenye tunatafuta."

Mianda akajibu kwa dirisha. "Umwambie mukwe yangu, mashimo yabo inaangukaka kila wiki."

Muuguzi mmoja mlangoni alicheka, akajifanya anakohoa. Daktari akangoja cheko liishe, kisha akasema jambo ambalo Mianda hakulitegemea. Alisema kwa sasa hakuna njia hata moja inayowezekana. Utumbo umevimba kwa choo cha miezi mitano, umekuwa mnene kuliko mkono wa mtoto mwenyewe, na kitu kinene hivyo hakivutiki kwenye njia nyembamba. Inabidi uoshwe kwanza kila siku kwa majuma kadhaa, kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kupitia mpira mrefu laini. Bila majani, bila pilipili. Ukinywea, atapitia matundu. Usiponywea, atapasua kama mama alivyotaka.

"Tumbo yenyewe itachagua," alisema. "Na wa kuiosha njo wewe, Mama. Bamuguzi wangu beko bachache, na mikono yako nimesikia."

Basi mambo yakawa hivyo: akiosha vibaya, atapata upasuaji anaoutaka. Akiosha vizuri, atapata ule anaoudharau. Mwanamke mwingine angelipima hilo. Mianda alilipima kwa muda wa kuvuka ua wa hospitali, akaliacha hapo, kwa sababu hakujua namna ya kufanya kazi ya mikono vibaya. Hao ni watu wa zamani. Siku hizi mtu hushona suruali huku akijua itaachia, akakushukuru na kukutakia siku njema.

Muuguzi aliyemfundisha aliitwa Tharcisse, yule yule aliyejifanya kukohoa. Mianda alilalamika kwamba maji ya chumvi ni ya kusongea bukari, si ya kuponyea mtu, na mpira usiominywa unafanya kazi gani. Lakini aliuona. Maji yaliingia taratibu kwa uzito wake yenyewe, yakarudi yamebeba, yakaingia tena, yakarudi safi zaidi. Hapakuwa na kishindo wala kilio. Nyumbani aliendelea vile vile, asubuhi na jioni, mlango umefungwa ili majirani wasimwone Mama Puari akitumia maji matupu. Juma baada ya juma ngozi ya tumbo ikalegea, mishipa ya bluu ikazama, na shavu likarudi. Kiganja chake bado kilikuta wimbi likishuka na kufia upande wa kushoto chini, mahali pale pale, kama mto unaoingia mchangani. Lakini sasa alilisikia wazi, na siku moja akashtuka kujikuta analionea huruma, jinsi lilivyojaribu na kujaribu.

Daktari alipompima tena alisema utumbo umenywea. Mianda alikunja midomo. Alikuwa ameshinda, na alikuwa ameshindwa.

Siku ya upasuaji waliketi kwenye benchi la ukumbi, Dimitri mwisho kabisa amewapa mgongo. Asubuhi yote ilikwenda hivyo. Mianda hakuomba kwa sauti. Alikuwa anangoja beseni.

Kila aliyewahi kumngojea mgonjwa katika nchi hii anajua desturi ile. Mtu akishapasuliwa, muuguzi hutoka na beseni lililofunikwa kitambaa, akawaita wa familia, akafunua: hiki ndicho tulichotoa. Iwe uvimbe, iwe kidole tumbo, lazima kionekane, la sivyo maneno hayaishi mpaka kizazi cha pili. Tharcisse alitoka na beseni. Mianda akainama juu yake. Kilikuwa kipande cha utumbo kirefu kama mkono wa mtoto, mwisho wake mmoja mwembamba, mweupe, uliokufa sura, na mwisho wa pili umevimba. Aliutazama ule mwembamba kwa muda mrefu. Huyo ndiye mlinzi aliyekufa. Akaitikia kwa kichwa, desturi imetimizwa.

Kisha mtoto akaletwa chumba cha akina mama, Tharcisse na beseni lake nyuma, na Mianda akafunua nguo.

Plasta tatu. Moja kitovuni na mbili pembeni, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole chake gumba. Hapakuwa na mshono wala bendeji. Alimgeuza mtoto polepole, akatazama mgongo, akatazama mbavu, akarudi tumboni. Ngozi ilikuwa nzima, laini, kama ilivyotoka kwa Mungu. Alitazama beseni. Alitazama tumbo. Chumba kizima cha akina mama kilikuwa kikimngoja.

"Ile nyama," alisema, "ni ya mbuzi."

"Mama," alisema Tharcisse, "na bei ya mbuzi mu Kolwezi, nani angeiacha mu beseni?"

Wakacheka wote, hata Chancelle machozi yakimtoka. Mianda hakucheka. Daktari Yolande alikuja akiwa bado na kofia ya chumba cha upasuaji, macho yamechoka, akasema kamera ilihifadhi kila kitu. Ameitwa Dilolo kwa mtoto mwingine; akirudi atamwonyesha mama kwa macho yake mwenyewe. Halafu akapiga magoti ili wawe sawa kwa urefu, akashika vile viganja vipana kwa mikono yake miwili, akamwita Kambo, yaani bibi.

"Kambo, unisikilize vizuri. Pale tuliunga, ni kama mushono mu kitambaa yenye kulowana. Hakuna kintu ya kuingia ku chini. Hapana mpira, hapana maji, hata kidole. Ukisukuma, itapasuka ndani, choo itamwangika mu tumbo, na mutoto atakufa mbele ya mi kurudia. Tumbo itaamuka yenyewe."

Mianda akasema amesikia. Na alikuwa amesikia. Kusikia ni kitu kimoja, kungoja ni kingine.

Kwa kuwa tumbo halikuamka. Kesho yake Gaël alinyonya kidogo, akalala, hakutoa kitu. Siku iliyofuata akanyonya zaidi, akaanza kukunja uso, na nguo zake zikabaki kavu. Tumbo likajaa kidogo, likawa gumu kidogo. Tharcisse alipita akasema ni kawaida, tungoje. Mianda alitazama upande mwingine. Alikwisha kuliona tumbo hili likikaza mara ngapi? Alilijua kuliko alivyolijua lake. Na mkono wake ulianza kuwasha, kama mguu wa mtu anayesikia ngoma.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Florentine, mama wa mtoto aliyeungua maji moto, mwanamke mwenye ulimi usiolala.

"Mama Puari," alisema mchana ule, "batu ya Kapata bakisikia mujukulu yako iko na tumbo ya ngoma, na wewe umekaa unaiangalia kama televizyo, batasema nini?"

"Dokta alikataza."

"Dokta iko Dilolo."

Chancelle alikuwa ameshuka bombani kufua. Wauguzi walikuwa wanapokezana zamu, sauti zao ziko mbali ukumbini. Mianda alivuta mfuko wake kutoka chini ya kitanda, na chini ya kitenge palikuwa na puari. Hakuwa ameileta kwa nia. Ameibeba maisha yake yote kama wengine wanavyobeba rozari. Alitia maji ya uvuguvugu ya chupa, matupu, bila jani. Alijiambia kwamba maji matupu si kitu. Alijiambia kwamba mtoto ambaye hakupasuliwa hana cha kupasuka. Kwa sababu hapo ndipo moyo wake ulipokuwa: hakuamini kwamba kuna mshono wowote ndani ya ngozi nzima namna ile. Kama kungekuwa na kovu la Stany juu ya tumbo hili, asingethubutu hata kulisogelea.

Alimlaza mtoto ubavu. Puari ilikuwa mkono wa kulia, imejaa, tone likimtiririka kwenye kifundo. Na kwa kuwa hakuwahi katika maisha yake kuinua puari kabla ya kiganja, aliweka kiganja cha kushoto juu ya tumbo, kati ya zile plasta, akafumba macho.

Mwanzoni palikuwa kimya. Kisha chini ya mbavu likaanza lile wimbi. Alilitambua kama unavyotambua mwendo wa mtu wako gizani. Likashuka, likavuka kitovu, likapinda kushoto, likakaribia pale mahali. Mianda akangoja life.

Halikufa.

Lilipita. Chini ya kiganja chake, mahali ambapo kwa miezi yote halikuwahi kuvuka, lilipita likaendelea chini, taratibu, kwa nguvu, kama nyoka anayepita chini ya mkeka. Akafumbua macho. Hakusogea hata kidole. Likaja la pili, likapita pale pale kana kwamba njia imekuwepo siku zote. Nywele za mikono yake zilisimama. Mtu alikuwa ameingia humu. Mtu alikuwa ameingia ndani ya tumbo hili, akaondoa kilichokufa, akaunga kilicho hai, akatoka, na mlango umebaki umefungwa nyuma yake.

Gaël alikunja uso. Akawa mwekundu, akakaza ngumi, akavuta pumzi kama mzee anayeinua gunia. Akasukuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu azaliwe kusukuma kitu kikatii. Sauti yake ilijaza chumba, na harufu ikafuata, na mwanamke mmoja akaanza kuimba Aleluya kwa mzaha, na wengine wakaipokea bila mzaha.

Tharcisse aliingia mbio kwa ajili ya kelele. Aliona mtoto, aliona choo. Halafu akaona puari mkononi mwa bibi. Akasimama ghafla.

"Haikuingia," alisema Mianda.

Tharcisse aliketi kwenye kitanda cha Florentine bila kuomba. Mianda aliminya mpira juu ya ndoo mpaka tone la mwisho. Maji mengine yakamwagika sakafuni. Sasa ndipo alipoogopa. Alitazama urefu uliokuwa umebaki kati ya ule mdomo mgumu na mtoto, urefu wa kidole, akaketi chini kwenye saruji mpaka Chancelle aliporudi na nguo zilizofuliwa, akakuta kazi nyingine mpya inamngoja.

Daktari aliporudi kutoka Dilolo aliambiwa na Tharcisse yote mawili, choo na puari. Hakumgombeza mama. Huenda alimwona uso. Alimwita kwenye chumba chake kidogo, akafungua kompyuta, akamvutia kiti.

Mianda alitegemea damu. Palitokea nuru. Kulikuwa na chumba, kipana, chenye dari iliyopinda na kung'aa, na ncha ya ini imelala upande mmoja, nyekundu nzito, laini kama jiwe la mtoni. Na utumbo. Maisha yake yote alikuwa ameuwaza mweusi, mchafu, umefungana kama kamba kisimani. Ulikuwa wa rangi ya midomo ya mtoto, umelowa, unameremeta, na mishipa midogo imetandazwa juu yake kama matawi. Tena ulikuwa unatembea. Hakuna aliyeugusa, na ulikuwa unatembea wenyewe, mikunjo ikipishana taratibu, kama watu wanaojua kazi yao. Kila kitu kilitikisika kidogo, tena na tena, kwa mpigo.

"Ile inapiga ni nini?"

"Roho yake, Kambo. Iko juu kule, nyuma ya ukuta. Inatikisa nyumba nzima."

Vyombo viwili vyembamba viliingia, midomo yake midogo kama ya ndege, vikainua utumbo kwa uangalifu ambao Mianda hakuwahi kuuona kwa mtu anayeshika kitu, hata kwa padri anayeshika hostia. Daktari akaonyesha kwa kidole pale uhai ulipokoma: huku wimbi linafika, huku weupe, kimya. Mianda alipatambua kabla hajaonyeshwa. Ndipo pale pale. Ndipo kiganja chake kilipolikuta wimbi likifia kila asubuhi.

"Nani aliwasha taa mule ndani?" aliuliza.

"Tunaingiaka nayo."

"Na Stany, iko vile ndani? Mwenye kulewa?"

"Kila muntu."

"Na mimi?"

"Na wewe, Kambo. Vile vile."

Mianda aliweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe. Nje malori yalikuwa yanapita, dirisha likatetemeka, na yeye hakuyasikia. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo ambayo Daktari Yolande ilimbidi ainame kuisikia.

"Myaka yote nilikuwa nabisha ku mulango. Mi nilizania nyumba iko na giza."

Akaomba airudishe mwanzo. Daktari alikuwa na wagonjwa wanaongoja, lakini akairudisha. Picha ilipoanza tena, na ule mwanga ukaingia katika kile chumba kidogo cha mtoto, Mianda alisukuma kiti nyuma, akainuka, akakaza kitenge chake kiunoni. Daktari akamwambia aketi tu, ni ndefu. Akakataa kwa kichwa. Aliitazama yote mpaka mwisho akiwa amesimama.